Hatua za Kutoka Chemchemi Hadi Msituni

Alhamisi, tarehe 12 Juni. Upepo umevuma tangu kabla ya jua, ule wa baridi unaopita juu ya mawe na kutia vumbi mpaka ndani ya sufuria. Wingu hakuna. Sweta niliivua saa tano, nikaivaa tena saa tisa.

Leo nimesema mbele ya mkutano wa kijiji jambo ambalo ningelijua miaka sita iliyopita kama ningekuwa mtu wa kufikiri. Naliandika jioni hii hii, kwa sababu kesho kila mtu atakuwa na lake la kueleza, na mimi mwenyewe nitakuwa nimeanza kujitetea. Elimu yangu ni darasa la saba na miezi michache ya sekondari. Anayesoma avumilie.

Jambo lenyewe ni shamba la jirani yetu. Wiki hii lilikuwa likatwe kipande cha hatua themanini, kipande kirudi kuwa msitu, bikoni, zile nguzo za mpaka, zisimikwe na yeye asiingize jembe tena pale. Sababu ya kukatwa ni maandishi ya marehemu baba yangu. Na maandishi hayo yalitoka kwenye miguu yangu.

Nianze na baba. Alikuwa karani wa ghala la mazao huku upande wa Kinampanda, na kwenye ghala alijifunza kuandika kila kinachoingia na kinachotoka. Alipostaafu hakuacha. Alinunua daftari akaanza kuandika miti. Kabla yake kijijini kwetu viliandikwa vitu vichache: majina ya walipa kodi, ndoa, vifo, na barua za kuomba kazi. Yeye aliandika kwamba mninga wa nyuma ya zizi la fulani umekatwa, umekatwa na nani, kwa kazi gani, na ndege gani hawakuonekana tena baada yake. Aliandika chemchemi imekauka mwezi gani, na mwaka uliotangulia ilikauka mwezi gani. Neno mazingira halikuwa midomoni mwa watu wakati ule. Yeye alisema "hali ya nchi".

Watu walimcheka. Mzee mmoja alikuwa akimwambia, "Wewe unaiandikia miti barua, itakujibu lini?"

"Imeshajibu," baba alisema. "Wewe ndiye hujasoma."

Alipeleka barua magazetini, nyingine zikatoka. Nyingine zilisomwa redioni, na siku hizo nyumba yetu ilijaa watu waliokuja kumsikiliza kwenye redio naye ameketi pale pale kati yao. Baadaye kijitabu chake kilichapwa mjini Singida, jalada la kijani na karatasi nyembamba. Shuleni wanakisoma mpaka leo. Walimu husema yeye ndiye wa kwanza huku kwetu kuandika habari za nchi kuisha. Naamini ni kweli, ila mimi si wa kupima hilo. Mimi nilikuwa nachonga penseli.

Kazi yake aliifanya kwa hatua. Hakuamini macho, yake wala ya mtu mwingine. Kila mwaka, alizeti ikishapigwa na kuingia ndani, alisimama kwenye jiwe la chemchemi, akatembea kupandisha kilima akihesabu mpaka kwenye mti wa kwanza wa msitu, mtundu, kisha akaandika. Shamba la jirani liko katikati ya njia hiyo. Alihesabu vingine pia, hata visivyo na maana: kutoka mlangoni kwetu hadi zizini, kutoka mlangoni hadi lile jiwe pana tunaloanikia mtama. Mama alikuwa akisema ameolewa na mtu ambaye hawezi kwenda chooni bila kuleta hesabu.

Macho yake yakaingia mtoto wa jicho, kisha nyonga ikakataa. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani na mtoto mchanga, ndoa imenishinda. Nilifikiri nitakaa msimu mmoja. Binamu yangu alikuwa anauza chakula pale Iguguno barabarani, akaniita tushirikiane. Nikamwambia baba. Hakunikataza, naandika hilo kwa haki. Aliuliza tu, "Na nani ataandika?" Halafu akanyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa na kufuli. Binamu alingoja wiki mbili akampata mwingine. Mwanangu sasa yuko darasa la kwanza, na mimi bado niko hapa.

Mwaka huo wa kwanza nilikwenda mimi kuhesabu. Jua lilikuwa kali, mtoto mgongoni, kitenge kimenikaza mapaja. Mwaka uliotangulia baba alikuwa ameandika hatua mia tatu na tatu. Mimi nilipata mia tatu themanini na tano. Nilipomsomea alinyanyuka kitandani kwa kiwiko. Alisikitika sana. Lakini niwe mkweli, alifurahi pia kidogo, kama mtu aliyekuwa akisema kwa miaka kumi kwamba mgeni anakuja na leo amesikia hodi. Usiku huo huo alitunga maneno ambayo sasa kila mtoto wa shule hapa anayajua: msitu umetuacha hatua themanini kwa mwaka mmoja, wala haukuaga. Niliyaandika kwa mkono wangu, nikaona ni mazuri mno.

Na ushahidi ulikuwepo. Jirani yetu alikuwa ametoka kukata mitundu miwili, anabadilisha boriti za nyumba yake ya tembe, na nguzo zilikuwa zimelala uani kila mtu akiziona. Hakuficha. Alisema tangu siku ya kwanza, "Mbili nimekata. Themanini hizo sizijui. Shamba hili nililima na baba yangu, halijaongezeka hata pigo la jembe." Alisema hivyo nyumbani kwetu, amesimama, na baba akamjibu kwa upole kabisa kwamba imeandikwa.

Ikawa ndiyo jina lake. Sokoni walimwita mwizi wa msitu, wakicheka, kwa namna ile ya utani ambao huwezi kuukasirikia bila kuonekana mkosaji. "Mzee, leo umetuletea mtama au hatua?" Mkewe akaacha kuja kwetu kuomba chumvi. Tukikutana chemchemini namwamkia shikamoo, anaitika marahaba, basi. Baba alipofariki, mwaka juzi, walikuja kuzika wote wawili. Jirani alichimba kaburi na wenzake mpaka mwisho. Hilo pia naliandika kwa haki.

Mwaka jana mkutano wa kijiji ulipitisha kwamba msitu wa kilima uwekewe mipaka na uitwe kwa jina la baba, na zile hatua themanini zirudishwe. Kaka yangu alikuja kutoka Dodoma akahutubia. Mimi nilipika.

Jumanne wiki hii bwana misitu wa wilaya alifika kutoka Kiomboi na vijana wa bikoni. Ni mtu mrefu, mpole, kijitabu cha kijani anacho mfukoni kimechakaa kwa kusomwa. Akasema, "Mama, wewe ndiye mguu wa mzee. Tutembeze njia yake." Nikasimama kwenye jiwe la chemchemi, nikatembea nikihesabu kwa sauti, yeye pembeni yangu kimya. Tulipofika kwenye mtundu wa kwanza nikasema mia tatu themanini na saba.

Akacheka. "Mimi nimepata mia tatu na moja. Miguu hii mama yangu aliilaumu kwa kumaliza vitambaa vya suruali."

Vijana wakacheka pia, wakaendelea na kazi. Mimi nilibaki nimeshika ule mti. Baba alikuwa mrefu kama yule bwana. Kwa nini sikuwahi kufikiri hivyo? Miaka sita nimekwenda njia ile ile, kila mwaka nikapata karibu hesabu ile ile, mia tatu themanini na sita, themanini na saba, na sikujiuliza kwa nini msitu ulikimbia mwaka mmoja tu, mwaka ule niliochukua kazi mimi, kisha ukasimama.

Sikusema kitu hapo. Niliogopa kwamba nakosea tena, upande mwingine.

Jana nilifungua daftari la zamani, lile la mwandiko wake mwenyewe, nikatafuta mpaka nikaona: mlangoni hadi jiwe la mtama, themanini. Mlango haujahama, na lile jiwe hata tukiwa kumi hatuliwezi kulisogeza. Nikatembea. Nikapata mia moja. Nikarudia, mia moja na moja. Nikarudia nimefunga kitenge kama ninavyokifunga shambani, mia kamili. Nikakaa na penseli kwa hesabu za darasa la tano: mia zangu ni themanini zake. Mia tatu themanini na tano za kwangu ni mia tatu na nane za baba. Mwaka uliotangulia alikuwa ameandika mia tatu na tatu, kwa hiyo msitu ulikuwa umesogea hatua tano tu. Hatua tano ni mitundu miwili ya jirani, ile aliyosema.

Mama alikuwa anapeta mtama juu ya jiwe lenyewe, ananiangalia nikienda na kurudi.

"Umepoteza nini?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kupeta. Kisha akasema kwa Kinyiramba kitu ambacho kwa Kiswahili ni kama kusema, hata mimi nilikuwa nikitembea naye sokoni nilikuwa nakimbia.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nani aliniuliza habari za hatua? Mimi na baba yako tulizungumza habari za mboga."

Nikampigia kaka. Yeye si mtu mbaya. Ana watoto wake, na jina la baba limemfungulia milango aliyoitumia vizuri. Alinisikiliza, akasema, "Dada, mzee amelala. Usimfukue."

"Jirani hajalala. Shamba lake linachukuliwa kesho."

"Ni kipande tu. Na miti kwani ni mibaya? Hata kama ni hatua tano, miti zaidi itamuumiza nani?"

"Itamuumiza yeye."

"Na ukisema, watu watakata kilima kizima. Watasema kitabu ni uongo. Umefikiria hilo?"

Nilikuwa nimelifikiria. Nikisema, naua kazi ya mtu aliyenilea. Nisiposema, namlia jirani shamba. Kukaa katikati nako hakuna, kwa kuwa bikoni zilikuwa zimeshapangwa ukingoni mwa alizeti yake kama meno.

Leo saa nne mkutano ulikaa uwanja wa ofisi ya kijiji. Mtendaji alisoma muhtasari, bwana misitu akaeleza, watu wakaulizwa kama wana neno. Nilinyoosha mkono. Nafikiri walidhani naenda kushukuru kwa niaba ya familia, maana walipiga makofi.

Nikasema hatua za baba zilikuwa ndefu na zangu ni fupi, na kwamba themanini zile si za msitu, ni tofauti ya miguu yetu. Nikasoma mstari wa mlango na jiwe, themanini zake na mia zangu. Mtu nyuma akasema, "Kumbe msitu ulikuwa umevaa kitenge," na uwanja mzima ukacheka. Nilicheka mwenyewe kidogo, kwa aibu. Jirani hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye jiwe, fimbo katikati ya magoti, anaangalia chini.

Bwana misitu alikunja uso, si kwa hasira. "Mama, Jumanne tulikuwa wote. Mbona hukusema?"

"Jumanne sikuwa na hakika."

"Na leo unayo?"

Nikasema ninayo kuliko Jumanne.

Ikaamuliwa twende nyumbani wakaone. Nusu ya mkutano ikaja. Nikasimama mlangoni kwetu, watu pande zote mbili kama wanangoja bibi harusi, nikaambiwa nitembee. Sijawahi kujua ninavyotembea. Miguu ikawa ya mtu mwingine. Mke wa jirani akasema, "Usiirefushe, mama. Tembea kama unakwenda kuchota maji." Nikajitahidi. Nikafika kwenye jiwe, tisini na nne.

"Jana mia, leo tisini na nne," mtendaji akasema. "Sasa tuandike ipi?"

Hakuwa anakejeli. Alikuwa na kalamu mkononi, anataka kujua kweli. Nikasema sijui. Bwana misitu akatoa futi kamba, akapima mlango hadi jiwe, akaandika. Akasema hicho ni kipimo kizuri, lakini peke yake hakiwezi kufuta uamuzi wa kijiji; atakipeleka Kiomboi pamoja na maelezo yangu, nami nikaweka saini. Mpaka jibu lije bikoni hazisimikwi, na kile kipande kisiguswe na yeyote, si kwa jembe wala kwa miche.

"Jibu likija baada ya mvua ya kwanza?" jirani akauliza. Ndiyo maneno pekee aliyosema mkutanoni.

Mtendaji akafunika kalamu yake.

Watu walipoanza kuondoka nilimsikia mwanamume mmoja akisema, basi hata hizo nyingine ni za kutunga, mimi kesho napandisha na shoka langu. Nikamfuata. Nikamwambia zote za kabla ni za mguu wake mwenyewe, mguu mmoja, miaka yote, na ukizisoma utaona msitu ukipungua polepole, mbili, tatu, moja. Hizo ni za kweli. Akaniitikia, "Sawa mama," kwa sauti ya kumtuliza mtoto. Sijui atapandisha au hatapandisha. Nimesikiliza tangu mchana. Upepo ni mkali, shoka la kilimani lisingesikika hata likiwepo.

Kuna jambo sikulisema mkutanoni.

Saa kumi na moja jirani alipiga hodi. Nilimwamkia, nikamletea kigoda. Alisema amekuja kuona lile daftari, si kijitabu, daftari. Yeye hajui kusoma vizuri, akaomba nimsomee mwaka ule ulioandikwa habari zake, neno kwa neno, nisiruke. Nikamsomea. Mia tatu themanini na tano. Boriti zake mbili zilikuwepo pia, baba alikuwa ameniagiza niziandike. Kisha nikafika kwenye mstari wa chini, nikasita, na yeye akaona nimesita.

"Endelea."

Nikasoma: "Nimeona ni nyingi mno. Nimemwambia ahesabu tena. Amehesabu tena, ni ile ile."

Jirani akasema, "Kwa hiyo mzee alitia shaka."

"Ndiyo, alitia."

"Akakurudisha."

"Ndiyo."

"Ukarudi?"

Mama alikuwa jikoni, akaacha kusonga. Ningeweza kusema nilirudi. Hakuna aliyeniona siku ile, na hatua fupi ni fupi hata ukizirudia. Ningepata ile ile kweli, na kosa lingebaki la miguu. Nimelala na hilo neno "ingekuwa ile ile" miaka sita, tangu kabla sijajua kwamba kuna kosa.

"Sikurudi," nikasema. "Jua lilikuwa kali na mtoto analia. Nilikwenda mpaka nyuma ya mawe pale, ambapo baba asingeweza kunisikia, nikakaa kivulini nikamnyonyesha. Nikarudi nikamwambia nimehesabu."

Nilidhani atasema juu ya soko, juu ya mkewe, juu ya miaka. Aliuliza, "Ungerudi na kumwambia una shaka, angeiandika ile?"

Nikafikiri, maana nilitaka kumjibu kwa haki, yeye na baba wote. "Sijui," nikasema. "Alikuwa anaitaka. Lakini alikuwa mtu wa kungoja. Nafikiri angengoja mwaka mmoja."

"Mwaka mmoja," akasema. Akaomba nimwonyeshe kwa kidole mahali palipoandikwa "ahesabu tena". Nikamwonyesha. Akaweka kidole chake pale, akakiacha kidogo, kisha akafunga daftari akanirudishia. Akasema nikiitwa Kiomboi niliseme na hilo. Nikasema nitalisema. Akasema tutaona.

Mama alitoka na maji ya kunawa. Jirani alimshukuru, akasema ameshiba, ingawa alikuwa ametoka shambani. Alituaga vizuri, akamtakia mama usiku mwema, akaondoka kwa njia ya chini, si ile ya kupita shambani kwake.

Tumekula ugali wa uwele na mlenda wa kukausha uliotiwa karanga. Mama alikuwa amesonga wa watu wanne. Tumekula watatu, na umebaki.